Mama amepewa miaka mitano: hesabu hiyo imetoka wapi?

Barua za ini zimekuwa nyingi mezani kwangu tangu toleo lililopita, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mgonjwa wetu amebakiza muda gani? Nimechagua nne. Nimezifupisha na kuondoa majina, lakini namba za maabara nimeziacha kama zilivyoandikwa kwa sababu majibu yangu yanazitegemea.

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Area C, Dodoma mjini. Mama yetu ana miaka 58, anaishi Hombolo, na miezi minane iliyopita aligundulika kuwa na ugonjwa wa mirija midogo ya nyongo ndani ya ini, ambao kwenye kadi yake umeandikwa PBC. Ulianza kwa kuwashwa mwili mzima, akazunguka zahanati kwa miaka miwili akipewa dawa za mzio na za minyoo. Mwezi uliopita daktari mmoja kijana alitazama majibu ya damu, akabonyeza simu yake, kisha akatuita mimi na kaka zangu pembeni na kutuambia kwamba mama ana miaka mitano. Majibu ni bilirubini 60, albumini 33, na muda wa damu kuganda sekunde 11.5, miguu haijavimba. Ana kilo 60 na anameza kidonge cha nyongo cha miligramu 250 asubuhi na kingine jioni. Mama hajaambiwa. Tangu siku hiyo kaka zangu wanataka shamba lake la zabibu liuzwe mapema, naye anashangaa kwa nini siku hizi wanawe wote wanakuja Hombolo kila Jumamosi. Simu inajuaje miaka ya mtu? Na je, tumwambie?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Alichofanya daktari yule ni kuingiza namba tano kwenye fomula iliyochapishwa mwaka 1989 na madaktari wa Kliniki ya Mayo, mjini Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani. Namba zenyewe ni umri wa mgonjwa, bilirubini, albumini, muda wa damu kuganda, na kuvimba au kutovimba kwa miguu. Uzuri wa fomula hiyo ni kwamba haimlazimu mgonjwa kuchomwa sindano ya kunyofoa kinyama cha ini. Damu kidogo na kidole cha daktari kinachobonyeza kifundo cha mguu vinatosha. Bilirubini ni taka ya rangi ya manjano inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizochakaa, nayo hutolewa na ini kwa njia ya nyongo, hivyo mirija midogo inaposhambuliwa na kinga ya mwili wa mgonjwa mwenyewe, kama inavyotokea katika PBC, taka hiyo hukosa njia na kurudi kwenye damu. Albumini na vigandishi vya damu hutengenezwa na ini lenyewe, kwa hiyo ini likichoka albumini hushuka, damu huchelewa kuganda, na maji huvuja kutoka kwenye mishipa na kutuama miguuni na tumboni.

Nimeipiga hesabu hiyo mwenyewe kwa majibu uliyonitumia, nikapata alama 6.1. Kwa mujibu wa fomula, tukikusanya wagonjwa 100 wenye majibu kama ya mama yako, baada ya mwaka mmoja tunatarajia 91 wawe hai, baada ya miaka minne 58, baada ya mitano 47, na baada ya saba 28. Hapo ndipo ilipotoka ile miaka mitano mliyoambiwa: ni karibu na mahali ambapo kundi zima limebaki nusu. Mama yako yuko katika nusu ipi, fomula haina namna ya kujua. Wale 28 wanaovuka miaka saba nao, kama wangekaa mbele ya daktari yule siku ile, wangeambiwa miaka mitano.

Sasa tuulize hao 100 ni akina nani. Fomula ilitokana na wagonjwa 312 wa PBC waliofuatiliwa katika majaribio ya dawa iitwayo penisilamini, yaliyoanza mwaka 1974 na kwenda hadi 1984. Penisilamini haikuwafaa kitu. Dawa anayomeza mama yako, asidi ya ursodeoksikoliki, wakati ule haikuwa imeingia katika matibabu ya kawaida ya ugonjwa huu, na hii ndiyo maana tunasema kwamba fomula ya Mayo inaonyesha namna ugonjwa unavyokwenda ukiachwa wenyewe. Kumhesabia mgonjwa wa leo kwa fomula hiyo bila kumwambia jambo hilo ni sawa na kupanga safari ya Dar es Salaam kwa ratiba ya basi la miaka ya 1970, ilhali treni ya umeme ipo kituoni. Kwa waliokwisha kumeza dawa mwaka mzima zipo fomula mpya zaidi. Mojawapo huitwa GLOBE, ilichapishwa mwaka 2015 kutokana na wagonjwa 4,119 wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, nayo hutumia umri, bilirubini, albumini, chembe sahani za damu na kimeng'enya cha fosfatasi alkali, vyote vikiwa vimepimwa baada ya miezi 12 ya dawa. Mama yako hajafika huko.

Na kwa kweli hajaianza dawa sawasawa. Dozi ya ursodeoksikoliki katika PBC ni miligramu 13 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na mtu wa kilo 60 anahitaji kati ya 780 na 900. Vidonge viwili vya 250 ni 500 tu. Sijui kama aliyeandika alikuwa anaanza polepole ili tumbo lizoee, jambo ambalo hufanyika, au kama ni bei iliyowafanya mpunguze wenyewe, jambo ambalo pia hufanyika na familia huona haya kulisema. Vyovyote iwavyo, rudini kwa aliyeandika mkiwa na kilo zake mkononi na mumwombe aitazame dozi upya. Ningependa kaka zako wapeleke fedha huko kabla ya kuzungumza habari za shamba.

Angalia mwenyewe jinsi bilirubini ilivyo na uzito. Namba nyingine zote zikibaki vilevile, bilirubini ikashuka kutoka 60 hadi 30, fomula ile ile ya Mayo inaongeza waliofika miaka mitano kutoka 47 hadi 66 kati ya 100. Namba nyingine zikibaki vilevile lakini miguu ikavimba na kugoma kunywea hata kwa dawa za kupunguza maji, wanashuka hadi 17. Siahidi kwamba dozi kamili itaishusha bilirubini ya mama yako kwa nusu, maana wapo wagonjwa ambao dawa hii haiwashiki, hasa walioianza wakiwa wamechelewa. Ninachokuonyesha ni kwamba ile namba mliyopewa ilikuwa ya siku moja, kwa majibu ya siku moja.

Tena ni lazima kuhakikisha kwamba bilirubini hiyo imepandishwa na PBC yenyewe. Jiwe dogo la nyongo lililokwama kwenye mrija mkubwa, malaria kali, homa ya ini nyingine iliyodandia juu, au dawa mpya ya kienyeji iliyoanza kutumiwa kimyakimya, vyote huweza kuipandisha kwa muda, na hesabu ya miaka haipigwi katikati ya dhoruba ya namna hiyo. Mama apigwe picha ya ultrasaundi ya ini na mirija ya nyongo kama hajapigwa karibuni, kisha bilirubini ipimwe tena, ikiwezekana katika maabara ile ile.

Hapo kwenye maabara nina kisa cha kukiri. Fomula ya Mayo inataka bilirubini kwa miligramu kwa desilita, na maabara zetu nyingi huiandika kwa maikromoli kwa lita. Ili kupata ya kwanza unagawanya ya pili kwa 17.1, kwa hiyo 60 ya mama yako ni 3.5. Miaka ya nyuma, katika hospitali nitakayoiacha bila jina, niliingiza namba ya maabara jinsi ilivyokuwa. Kwa majibu kama ya mama yako, kosa hilo peke yake linawashusha wanaovuka mwaka mmoja kutoka 91 hadi 35 kati ya 100. Nilikwisha kumwita mume wa mgonjwa ofisini na kuvuta kiti ndipo muuguzi aliyesimama nyuma yangu akauliza, kwa sauti ya chini, kama ile ni maikromoli. Tangu siku hiyo naandika kipimo pembeni ya kila namba, na ukipewa matokeo ya hesabu yoyote ya namna hii una haki ya kuomba kuona namba zilizoingizwa.

Pamoja na hayo yote sitaki mwondoke mkidhani nimewaambia hali ni nyepesi. Tangu mwaka 1979 inajulikana kwamba katika PBC bilirubini hukaa chini kwa miaka mingi kisha huanza kupanda kwa kasi, na kupanda huko ndiko kunakotisha: kabla ya dawa za sasa, mgonjwa ambaye bilirubini yake ilivuka 34 na kubaki huko aliishi kwa wastani wa miezi 49, aliyevuka 102 miezi 25, na aliyevuka 170 miezi 17. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa wa PBC ambaye bilirubini yake imevuka 50 aanze kuzungumziwa habari za kupandikizwa ini, na mama yako ana 60. Hii ndiyo kazi hasa ya fomula hizi tangu zilipotungwa: kumwonyesha daktari lini matumaini ya kuishi bila kupandikizwa yanashuka chini ya yale ya kupandikizwa, ili rufaa iandikwe mgonjwa akiwa bado na nguvu za kupanda ndege. Waliopandikizwa ini kwa sababu ya PBC huwa hai baada ya miaka mitano kwa kiasi cha 80 hadi 85 kati ya 100. Linganisha na 47. Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa hupandikiza figo, lakini kwa ini wagonjwa wetu husafiri nje ya nchi, wengi wao India, na mara nyingi ndugu mmoja hutoa kipande cha ini lake. Gharama ni kubwa na si kila familia itaweza, lakini mazungumzo hayo mngepaswa kuyasikia siku ile ile ya simu.

Swali lako la mwisho ndilo zito. Kwanza nina neno na mwenzangu wa simu: mgonjwa mwenye akili zake timamu husikia habari zake kabla ya wanawe, na kuwaita watoto pembeni kunamfanya mama kuwa wa mwisho kujua katika nyumba yake mwenyewe. Kwa vile limekwisha kutokea, msimwendee na namba. Mmoja wenu, yule anayeongea naye vizuri, akae naye jioni na kumwuliza anaelewa nini kuhusu ugonjwa wake, na angependa kujua kiasi gani. Wapo wazee wanaosema "niambieni yote", na wapo wanaosema "hayo ongeeni na daktari, mimi nipeni dawa". Wote wawili waheshimiwe. Sidhani kama atashangaa sana. Mtu aliyejikuna usiku kucha kwa miaka miwili, na sasa anatembelewa na wanawe wote kila Jumamosi, amekwisha kupiga hesabu yake. Shamba la zabibu ni lake, na ni yeye wa kusema kama linauzwa.

SWALI: Habari za kazi, daktari. Niko Manyoni. Kaka yangu mwenye miaka 41 ana makovu ya ini kutokana na homa ya ini B. Kliniki walimwandikia MELD 14. Baada ya wiki mbili akaharisha siku tatu, tukamkimbiza hospitali, wakapima wakasema MELD 21. Akatundikiwa dripu, na baada ya siku chache ikawa 14 tena. Majibu ninayo: bilirubini ilikuwa 51 mara zote tatu na INR 1.4 mara zote tatu, ila kreatinini ilitoka 88 ikafika 177 na kurudi 88. Ini linaweza kuoza na kupona ndani ya wiki moja?

JIBU: Salama, na nakupongeza kwa kuyatunza majibu, maana umejijibu mwenyewe bila kujua. MELD aliyoandikiwa kaka yako ni alama ya ukali wa ugonjwa wa ini, nayo ni hesabu ya namba tatu: bilirubini, INR ambayo ni kipimo cha kuganda kwa damu, na kreatinini ambayo ni kipimo cha figo. Ini la kaka yako halikusogea hata kidogo wiki ile. Kilichosogea ni figo. Kuharisha kulimkausha maji, figo zikakosa damu ya kutosha kuchuja, kreatinini ikawa mara mbili, na katika fomula hiyo kreatinini kuongezeka maradufu kunaongeza karibu alama saba. Aliporudishiwa maji figo zikarudi kazini, na alama zikashuka.

Usidhani kwa sababu hiyo kwamba 21 ilikuwa namba ya uongo. MELD ilitengenezwa hapo hapo Kliniki ya Mayo, ikachapishwa mwaka 2000 kwa ajili ya wagonjwa waliowekewa njia ya kupitisha damu ndani ya ini, na Februari 2002 Marekani ilianza kuitumia kupanga foleni ya wanaosubiri ini, kuanzia alama 6 hadi 40, kabla ya kuiongezea namba nyingine mwaka 2016. Inatazama miezi mitatu tu mbele. Miongoni mwa waliokuwa kwenye foleni hiyo, wenye alama 10 hadi 19 walifariki kama 6 kati ya 100 katika miezi mitatu, na wenye 20 hadi 29 karibu 20 kati ya 100. Mtu mwenye makovu ya ini ambaye figo zake zimeyumba yuko hatarini kweli kweli siku hizo, hata kama baadaye anapona, na kama mngechelewa kumpeleka huenda kreatinini isingerudi.

Kwa hiyo yahesabiwe majibu ya siku za utulivu, na siku za mvurugiko akimbizwe. Akiharisha au kutapika tena, arudi hospitali siku ile ile akiwa na dawa zake zote mkononi, hasa zile za kupunguza maji, kwa sababu huenda zikahitaji kusimamishwa kwa muda. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo madukani huuzwa kama karanga kwa kila mwenye kuumwa mgongo, asizimeze kabisa. Zinabana figo za mtu wa namna yake. Jambo jingine ambalo fomula haioni ni dawa ya virusi. Kama anatumia tenofovia kila siku bila kuruka, ini lenye homa ya B huweza kupata nafuu kwa miezi na miaka, na alama za leo haziwezi kuhesabu nafuu ambayo bado haijaja.

SWALI: Mimi ni tabibu wa kituo cha afya wilayani Kongwa. Nina mgonjwa wa PBC mwenye bilirubini 62 na albumini 36, damu inaganda vizuri, hana maji tumboni wala hachanganyikiwi. Kwa jedwali la Child-Pugh lililobandikwa ukutani kwangu yuko daraja B. Bingwa wa Dodoma amemrudisha na barua yenye daraja A. Nani kakosea?

JIBU: Ukuta ndio uliokosea, tabibu. Jedwali hilo, la kupima ukali wa makovu ya ini kwa madaraja A hadi C, lilianza kwa Child na Turcotte mwaka 1964, likarekebishwa na Pugh na wenzake wa London mwaka 1973, na katika sura yake ya kawaida bilirubini inayozidi 51 hupewa alama 3. Ukijumlisha na alama moja moja za vigezo vinne vilivyobaki unapata 7, na 7 ni B. Lakini Pugh mwenyewe aliweka viwango tofauti kwa magonjwa ya mirija ya nyongo, kwa sababu humo bilirubini hupanda mapema, wakati seli za ini bado zina uwezo. Kwa wagonjwa hao alama ya 1 inakwenda hadi 68, ya 2 hadi 170, na juu ya hapo ndiyo 3. Mgonjwa wako anapata 5, na 5 ni A.

Tofauti hiyo si ya makaratasi. Mgonjwa wa daraja B anaweza kunyimwa upasuaji wa kawaida, kama wa ngiri, ambao wa daraja A angefanyiwa. Lakini usilitumie daraja A kumtuliza kupita kiasi, maana kama nilivyomwandikia binti wa Area C, bilirubini ya 62 katika PBC ina habari yake yenyewe nje ya Child-Pugh. Kwa mgonjwa huyu mimi ningekuwa na daftari la shule la kurasa 40, lenye tarehe, bilirubini, albumini, chembe sahani, kreatinini na uzito, mstari mmoja kila baada ya miezi mitatu. Katika fomula ya Mayo bilirubini huingia kwa logi, maana yake ni kwamba kupanda kutoka 30 hadi 60 kuna uzito ule ule wa kupanda kutoka 60 hadi 120. Kwa hiyo unachokitafuta katika daftari ni muda ambao namba imechukua kujizidisha mara mbili. Ikijizidisha ndani ya mwaka, mpe rufaa usingoje. Na chembe sahani zikishuka chini ya 150, apelekwe akatazamwe kwa kamera kama ana mishipa iliyovimba kwenye umio, kwa kuwa kutapika damu hakuhesabiwi na fomula yoyote kati ya hizi nilizozitaja hadi hapa, na huua mtu mwenye alama nzuri.

SWALI: Daktari, nina miaka 29, niko Singida. Nina PSC pamoja na vidonda vya utumbo mpana. Mama mmoja tunayekutana naye kliniki ana PBC, na amenishauri ninywe dawa yake ya nyongo, tena dozi mara mbili ili niishi zaidi. Na je, ile fomula yake ya miaka inanihusu?

JIBU: Hapana kwa yote mawili. Herufi moja ya katikati inatenganisha magonjwa mawili: PSC hukwaza na kubana hata mirija mikubwa ya nyongo, hupata zaidi wanaume, na mara nyingi huandamana na vidonda vya utumbo kama vyako. Ursodeoksikoliki haijaonyesha kurefusha maisha katika PSC, na majaribio ya dozi ya miligramu 28 hadi 30 kwa kilo, ambayo majibu yake yalichapishwa mwaka 2009, yalisimamishwa kwa sababu waliopewa dawa walifanya vibaya kuliko waliopewa vidonge vitupu. Mshukuru mama huyo kwa huruma yake na umrudishie vidonge vyake, anavihitaji.

Fomula ya PSC ipo, nayo inatoka Mayo vilevile, toleo la mwaka 2000, ikitumia umri, bilirubini, albumini, kimeng'enya cha AST na historia ya kutapika damu, lakini inatazama miaka minne tu na huyumbishwa kwa urahisi. Mrija mmoja ukibanwa au ukipata maambukizi, bilirubini hupanda wiki hii na kushuka wiki ijayo, hivyo ukipata homa na kutetemeka pamoja na macho ya manjano usikae na simu kuhesabu miaka, nenda hospitali usiku huo huo. Saratani ya mirija ya nyongo, ambayo ndiyo tunayoiogopa zaidi katika ugonjwa wako, nayo haimo kwenye fomula. Kwa vile una vidonda vya utumbo mpana, unapaswa pia kutazamwa utumbo huo kwa kamera kila mwaka, kuanzia mwaka ule ule uliogundulika kuwa na PSC. Barua yako haikutaja kama umewahi kufanyiwa. Uliza ukirudi kliniki.